Chagua Popote, Dada

Mdogo wangu alikuja Makambako Jumapili moja ya mwezi wa saba. Upepo ulikuwa umechachamaa, na bati lililolegea kwa jirani lilikuwa linagonga tangu asubuhi. Aliegesha gari mbele ya nyumba tuliyopanga, akaingia, akaketi kwenye kiti cha mume wangu. Alizungushazungusha kikombe cha chai muda mrefu kabla ya kusema kilichomleta.

"Dada, nataka nikujengee nyumba," alisema. "Chagua popote. Njombe, Iringa, Dar, hata Arusha ukitaka. Hela isikusumbue."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alisema nimjibu mapema, mafundi waanze kiangazi hiki hiki, kwa sababu mvua zikianza hakuna kazi itakayofanyika.

Najua kwa nini alitaka kunijengea. Baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Badala ya kwenda chuo nilibaki nyumbani miaka sita, nikilima viazi na mama mpaka mtoto akaingia sekondari. Ndipo nikaenda kusomea ualimu. Sikuwahi kumkumbusha jambo hilo, wala yeye hakuwahi kulitaja. Lakini alipopata mashamba yake ya misindano ya mbao, na baadaye ya parachichi, na mambo yakamnyookea, nilianza kumwona akinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasikiliza. Ni fundi springi, anatengeneza springi za malori. Kwao ni Kondoa. Alifika Makambako akiwa utingo, lori lao likaharibika njia panda, wakasubiri kifaa wiki tatu, na kifaa kilipofika yeye alikuwa ameshapata kazi gereji. Tulioana bomani. Kwetu ni Walutheri, kwao ni Waislamu, na hakuna kati yetu aliyetaka kumwomba mwenzake ahame. Tuna watoto wawili, wote wako shule za bweni.

Sasa, mimi na yeye tulikuwa na mchezo wetu wa Jumapili. Gereji ikiwa imefungwa na nguo zimeshafuliwa, ananiuliza, "Mama, hela isingekuwa shida, ungekaa wapi?" Mimi jibu langu lilikuwa moja siku zote: Njombe, juu kule nilikozaliwa, nyumba yenye madirisha makubwa ya vioo na mahali pa kuwasha moto ndani. Yeye alibadilisha kila wiki. Leo Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alikopeleka mzigo zamani kupitia Ludewa. Wiki ijayo Bukoba, kwa sababu ya ndizi. Mara moja alisema angekaa mwezini, kule malori hayafiki. Tuliucheza miaka kumi na tisa, na haukuwahi kumuumiza mtu.

Gari la mdogo wangu lilipoondoka, nilimgeukia mume wangu. "Haya. Wapi?"

Aliinuka, akaanza kunawa mikono ingawa haikuwa michafu. "Mwambie Njombe. Si ndiko unakotaka?"

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwepo."

Neno hilo lilinikaa vibaya. Mtu anakuwepo kwenye kikao, au msibani. Nilitaka aseme kitu kingine, hata anipinge, lakini alichukua kofia akaenda msikitini.

Siku zilizofuata nilianza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyahesabu. Malori yanapita Makambako, hayapandi vilima vya kwetu kutafuta fundi springi. Msikiti kutoka kwa mama ni mbali. Na lingine ambalo niliona aibu hata kulifikiria: akifa angezikwa wapi? Shamba la kwetu lina makaburi ya baba na babu, yote na misalaba yake. Tulikuwa tumeishi miaka yote hiyo bila kuyazungumza, kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kwenda popote. Sasa uwezo umekuja, na mimi nasahihisha madaftari ya darasa la tano nikiweka vema kwenye majibu yaliyokosewa, mpaka mtoto mmoja akaniletea daftari lake kwa upole akaniambia, "Mwalimu, hili umenipa lakini sijapata."

Siku hiyo, nikirudi nyumbani kwa miguu, nikagundua kitu kilichonisimamisha pembeni mwa barabara. Katika miaka yote ya mchezo ule, mume wangu alitaja Manda, Bukoba, Zanzibar, mwezi. Kondoa hakuitaja hata siku moja.

Nilimwambia hivyo jioni tukila. Aliendelea kukata tonge. Baada ya siku tatu akatoa begi chini ya kitanda.

"Naenda Kondoa," alisema. "Kumwona kaka."

"Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekaa sana bila kwenda."

Ilikuwa kweli. Mara ya mwisho alikwenda kumzika mama yake, miaka kumi na moja iliyopita. Nilimfungia chapati na mayai ya kuchemsha, nikamsindikiza stendi. Aliniaga kama kawaida, nami nilitafuta kwenye kuaga kwake kitu kisicho cha kawaida, sikukipata, na hilo halikunituliza.

Siku mbili za kwanza alipiga simu. Amefika, kaka mzima, jua kali. Siku ya tatu simu yake haikupatikana. Ya nne haikupatikana. Niliwauliza mafundi wenzake kama kuna aliyemsikia, nikijifanya nauliza habari za gereji. Mmoja akasema, "Shemeji, huyo si amekwenda kwao? Atakuwa anastarehe." Nikacheka naye, nikaondoka. Kumbe nilikuwa nimeamini kwamba tulikaa pamoja kwa kupenda, na sasa nilikuwa sina hakika. Huenda alikaa kwa sababu nauli ya kurudi na maisha ya kuanza upya vilimshinda. Huenda ni mimi niliyemwonyesha mlango kwa kumuuliza.

Huku nyuma mdogo wangu alituma ujumbe: "Dada, umeamua? Mafundi wananisubiri." Kesho yake tena: "Dada?"

Jumamosi nikapanda basi kwenda Njombe kumwona mama.

Nilifika mapema, jua halijapasha. Nyasi za kando ya njia zilikuwa nyeupe kwa sakitu na zilivunjika chini ya viatu. Mama alikuwa jikoni karibu na moto, amevaa sweta mbili na kujifunga blanketi kiunoni, anamenya viazi.

"Kamwene," nilimsalimia.

"Kamwene. Mbona umekuja bila kusema? Nani anaumwa?"

"Hakuna, mama."

Alikohoa, akageuza uso pembeni ili nisihesabu. Kifua chake kilikuwa kimetusumbua miaka miwili. Tulikuwa tumempeleka hospitali ya Ikonda, daktari akamwambia akae mbali na moshi na baridi, naye akaitikia vizuri kabisa, akarudi kwenye moshi na baridi. Nilichukua kisu, nikaanza kumenya naye. Nikamweleza ombi la mdogo wangu. Nikamwambia nadhani nitasema Njombe, nije niwe karibu naye.

Aliendelea kumenya. "Usije huku kwa kisingizio changu," alisema.

"Si kisingizio. Unakaa peke yako."

"Peke yangu nimezoea. Wewe mume wako atafanya nini huku? Atatengeneza springi za ng'ombe?"

Sikuweza kumwambia kwamba mume wangu hapatikani, siku ya tatu sasa. Nikauliza jambo lingine ili nisilie, na lililonijia mdomoni lilikuwa swali letu la Jumapili.

"Mama, hela isingekuwa shida, wewe ungekaa wapi?"

Nilitegemea aseme hapa hapa. Mama ninayemjua mimi ni wa pale, kama miti ya miwati aliyoipanda baba nyuma ya nyumba. Alitupa kiazi kwenye maji, akafuta kisu kwenye blanketi.

"Makambako," alisema.

"Makambako? Kuna nini Makambako?"

"Kuna jua. Na watu wanapita." Akachukua kiazi kingine. "Wewe ukiwa hujazaliwa, mimi na baba yako tulikuwa tunapeleka maharage stesheni. Tunakaa juu ya magunia, tunasubiri treni. Wanawake wanateremka na vitenge sijawahi kuviona, wanaongea lugha sizijui. Siku nzima natazama watu. Baba yako ananiambia twende, nami nasema bado kidogo."

"Mbona hukusema hata siku moja?"

"Nani aliniuliza?"

Alisema bila lawama, kama anayetaja bei ya chumvi. Nilikuwa nimemwekea mama maisha yake yote mahali pamoja, nikamwona ameridhika, na kumbe alikuwa ametulia tu.

Kisha akasema kilichonivuruga zaidi. "Lakini mdogo wako hajakuonyesha? Ameshachimba msingi."

"Msingi wa nini?"

"Wa nyumba yako."

Alinipeleka mpaka kupita mwisho wa shamba letu, mahali mlima unapoanza kuinuka kuelekea misindano. Palikuwa pamesawazishwa kwa trekta. Msingi ulikuwa umechimbwa wote, mawe yamerundikwa, na mafundi wanne walikuwa wanapanga mstari wa kwanza upande wa juu. Nilihesabu vyumba tisa. Kijana mmoja akaacha kazi, akafuta mkono kwenye suruali.

"Karibu, mama mwenye nyumba," alisema.

Nikamjibu asante. Nilisimama pale nikiona mahali sebule itakapokuwa, kama mtu aliyekosea darasa siku ya mtihani. Mdogo wangu alikuwa ananiuliza kwa simu kila siku nichague wapi, na huku mawe yanapangwa.

Jumatatu nilitoka shule nikapitia gereji, kama nilivyopita kila siku wiki ile bila kukiri kwamba ninapita. Chini ya lori moja jekundu nikaona miguu ninayoijua, na ndala zilizoshonwa kwa waya. Nilisimama pale mpaka mwenyewe akajivuta nje.

"Nimefika saa saba," alisema. "Nikakuta huyu amekwama."

"Simu yako?"

"Ilidumbukia kwenye ndoo ya maji."

"Kondoa nzima hakuna simu nyingine?"

Akatazama chini. "Namba yako siijui kwa kichwa," alisema.

Nilitaka kumpiga na mkoba. Nilikwenda nyumbani peke yangu, nikapika ugali, nikauweka mezani kwa nguvu. Alipokuja akanawa, akala matonge mawili, akaacha.

"Nilipotea," alisema.

"Wapi?"

"Kwetu. Niliteremka stendi, nikaanza kutembea kwenda nyumbani, nikapotea. Barabara zimebadilika, nyumba zimejaa. Ilibidi nimwite wa bodaboda anipeleke nyumba niliyozaliwa." Alitabasamu, lakini haikumkaa usoni. "Wamenipokea vizuri sana. Wamechinja kuku. Wamenipa chumba cha wageni, shuka mpya. Kila nikitaka kuinua ndoo wananinyang'anya. Watoto wa kaka wananiita mgeni wa baba. Siku sita sikuona mtu anayeniuliza nitarudi lini kukaa. Walishanihesabu nimekwenda."

Nikasogeza bakuli la mboga upande wake.

"Nilimuuliza kaka habari za makaburi," aliendelea. "Akasema nafasi ipo, karibu na mama. Nikashukuru. Halafu nikakaa nikafikiri, nani atanibeba? Wale vijana hawanijui. Hapa nawajua watakaonibeba. Najua mpaka nani atachelewa."

"Kwa hiyo unataka hapa."

"Nilitaka hapa siku zote. Nikaogopa kusema, maana wewe kila Jumapili unasema Njombe. Nikaona ukipata nafasi halafu mimi nikuzuie, utanichukia polepole."

Nilimweleza habari za mama na treni. Nilimweleza habari za msingi, na kwamba niliposimama juu yake sikujiona nikikaa pale bila yeye. Alishika kichwa. Tulikaa pale chakula kikipoa, watu wazima wawili wenye nyumba ya vyumba tisa isiyotakiwa na yeyote kati yetu, na hofu yangu ikahama kutoka kwake ikaenda kwa mdogo wangu. Nilijua lazima aambiwe, na nilijua halitakuwa neno la kwenye simu.

Tulikwenda wote wawili Jumamosi iliyofuata. Tulimkuta mdogo wangu kwenye msingi, amevaa buti za mvua, anawaelekeza mafundi. Aliponiona akafurahi, akaja kunishika mkono anionyeshe jiko. Nilimwacha anionyeshe. Kila alichotaja kilizidi kunifunga mdomo. Mwishowe mume wangu akanitazama, nikajua nisiposema pale sitasema tena.

"Mdogo wangu, tumechagua," nilisema. "Tunataka Makambako."

Hakuelewa mara moja. "Makambako kufanyaje?"

"Kukaa. Kwenye kile kiwanja tulichonunua zamani tukashindwa kujenga, barabara ya Songea. Vyumba vinne vinatosha. Na mama anataka kuja kukaa nasi."

"Kwenye lile vumbi? Na ule upepo?" Alimtazama mume wangu. "Shemeji, ni wewe?"

"Ni sisi," mume wangu alijibu.

"Dada, nilikwambia uchague popote duniani."

"Nimechagua. Lakini wewe ulichimba msingi kabla sijakujibu."

Mafundi walikuwa wameacha kazi, wanatazama mawe. Mdogo wangu alivua kofia, akaivaa tena. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilikuwa najua jibu. Ulinionyesha mwenyewe. Tunapalilia viazi pale chini, mimi nalia njaa, ukanyoosha jembe ukasema, siku moja nitajenga pale juu, madirisha ya vioo, na wewe utakuwa na chumba chako. Nimekitafuta hiki kiwanja miaka sita. Mwenyewe alikuwa hataki kuuza."

Sikukumbuka. Nilijaribu kukumbuka jembe, kilio, maneno, sikupata hata kimoja. Pengine nilisema ili anyamaze. Yeye alikuwa ameyabeba tangu darasa la tatu.

"Nisamehe," nilimwambia.

"Sina cha kukusamehe," alisema. Aliwaambia mafundi wakusanye vifaa. Kisha akaingia kwenye gari akaondoka, bila kupita kwa mama, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Mvua zilianza. Nilimpigia simu kila wiki, naye alipokea kila mara, na kila mara alikuwa shambani, au njiani, au na watu. "Nitakupigia, dada." Hakupiga. Krismasi alimtumia mama blanketi kupitia kondakta wa basi. Nilikuwa nimemnyima mtu nafasi ya kutoa kitu alichokaa nacho moyoni zaidi ya miaka thelathini, na sikujua kama kuna kitu kingine kingeweza kukaa mahali pale. Mume wangu alisema tumpe muda. Nilimuuliza muda gani, akasema yeye ni fundi springi tu.

Mwezi wa tano, baada ya mvua kukatika, lori la mbao lilisimama mbele ya shule wakati wa mapumziko. Dereva aliniulizia, nikaitwa. "Nimeambiwa nishushe kiwanjani kwako," alisema. Nilimuuliza kama amepewa ujumbe wowote. Akasema hapana, mbao tu. Wiki iliyofuata ikaja saruji, halafu mafundi, wale wale wanne. Yule kijana hakuniita mama mwenye nyumba safari hii. Aliniamkia tu, akauliza maji ya kujengea yatatoka wapi.

Nyumba ina vyumba vinne, kama tulivyosema. Mama alihamia kiangazi kilichofuata. Chumba chake kinapata jua la asubuhi, na kibarazani ameweka kiti kinachotazama barabara. Anawajua wauza mahindi wote wanaopita. Jumapili mume wangu anamtafutia bajaji, anampeleka mpaka mlango wa kanisa, anarudi kumchukua ibada ikiisha. Bado anakohoa. Anasema ni vumbi tu, litazoeleka, nami namsikiliza usiku na mchana, nikijiuliza kama nimemtoa kwenye baridi nikampa kitu kibaya zaidi. Nimemuuliza kama anataka kurudi. Akaniambia nisimharibie siku.

Mdogo wangu anakuja kumwona. Anakunywa chai, anamwachia mama parachichi, na kabla ya saa kumi anaondoka. Msingi wa Njombe bado upo, nyasi zimeupita kimo. Nilimuuliza mara moja ataufanyia nini. Akasema hajui, na kwa namna alivyosema nikajua nisiulize tena.

Mwezi uliopita alikuja siku ya mvua kubwa. Ilipofika saa kumi akasimama, akachungulia nje, akakaa. Mama akamwambia barabara inateleza, alale. Akasema ngoja aone. Mimi nilikwenda chumba cha wageni, nikatandika shuka polepole, nikiogopa kwamba nikitoka haraka nitamkumbusha kuondoka. Niliporudi alikuwa amevua viatu na anabishana na mume wangu habari za mpira.

Alilala. Asubuhi aliniambia dirisha la chumba kile linapitisha upepo, atamtuma fundi. Fundi bado hajaja, nami sijampigia kumuuliza; nangoja aje naye mwenyewe.